Kuhusu swali lako la kurudia ombi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anayemwomba Mungu jambo moja kwa miaka sita, kila usiku, kama wewe na mwenzio mnavyoomba mtoto, haonyeshi kwamba hamwamini, kwa kuwa mwenye imani husema mara moja akatulia. Nimelisoma swali lako mara nyingi, na kila mara namkumbuka bibi yako.

Unafahamu kwamba baba yako mkubwa alikwenda kwenye migodi ya shaba kule Zambia, akaandika barua mbili, kisha akanyamaza. Bibi yako alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, hata mvua ya Tukuyu ikipiga bati kiasi cha kutosikilizana, akapiga magoti sebuleni na kumtaja mwanawe kwa sauti mbele za Kyala, ndivyo Wanyakyusa tunavyomwita Mungu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, kijana anayejua kila kitu, nikamwambia asubuhi moja, "Mama, Mungu alikwisha kusikia. Kumrudia ni kumfanya kiziwi." Hakunijibu. Kesho yake nilimsikia akiomba jikoni, kwa sauti ya chini, ili asinisumbue. Hakurudi tena sebuleni hadi alipofariki, na kaka yangu hatukumwona.

Mtu hurudi kubisha mlango ambao anajua una mwenyewe ndani. Mlango wa nyumba tupu huubisha mara moja ukaenda zako. Hilo ndilo ambalo sikuliona. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi dhalimu, asiyemcha Mungu wala kujali watu, na bado hakuchoka. Yesu alitoa mfano huo ili wanafunzi wasikate tamaa. Hata wazee wetu wa Kanisa la Moravian, kabla wamisionari wao hawajafika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi iliyoanzia Herrnhut, kule Ujerumani, mwaka 1727, ya kupokezana saa za maombi usiku na mchana, na inasemekana iliendelea kwa zaidi ya miaka mia moja. Sidhani kwamba walidhani Mungu amelala.

Lakini hapa najipinga mwenyewe, kwa sababu Bwana huyo huyo alituonya tusipayukepayuke tukidhani tutasikiwa kwa wingi wa maneno, na Paulo aliomba mara tatu tu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha, akaacha. Yeye alijibiwa, ingawa si alivyotaka. Bibi yako hakupata hata hilo, au alilipata kule jikoni na hakuniambia, kwani mimi sikuwa mtu wa kuambiwa. Narudia tena: mtu hurudi kwenye mlango wenye mwenyewe ndani.

Kama uendelee au uache, moyo wangu unatamani sana kukuambia uendelee, na nimeandika neno hilo na kulifuta mara mbili. Niliwahi kumwelekeza mtu namna ya kuomba, na sauti yake ikashuka. Sitafanya hivyo kwako. Mkiomba, ombeni kwa sauti mnayoipenda, katika chumba mnachokipenda. Na mkichoka, msione haya mbele zangu wala mbele za Mungu.

Tangu barua yako ifike ninaamka saa kumi. Ninapiga magoti sebuleni, pale pale, na nawataja ninyi wawili kwa majina.

Ni mimi baba yako