Kipokezi ni sawa, ila hiyo "hupelekea" itoke

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Tunaandaa kipeperushi cha Kiswahili kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na ndugu zao, waelewe ugonjwa unavyoanza. Nimeandika hivi: "Kichocheo cha ukuaji kinaposhikana na kipokeaji kilichopo juu ya seli, hupelekea seli kugawanyika na kuhama." Mwenzangu wa zamu anasema si kipokeaji, ni kipokezi. Nani amepatia? – Muuguzi, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amepatia. Kitenzi pokea kina sauti ya l iliyomezwa zamani, na bado unaisikia ukisema pokelewa. Ndivyo ilivyo kwa okoa na okolewa, lea na lelewa, komboa na kombolewa. Jina likiundwa kwa i mwishoni, ile l hugeuka z: mwokozi, mlezi, mkombozi, na hapa kipokezi. Kipokeaji kinaeleweka na hakivunji kanuni, lakini kipokezi ni fupi na limekaa vizuri mdomoni. Kichocheo nacho nakiunga mkono kwa mikono miwili. Kimetoka kwenye kuchochea moto, kazi tunayoijua sote tuliokulia kwenye baridi ya nyanda hizi: kuni zipo, makaa yapo, lakini bila mtu wa kuzisukuma ndani moto haupandi.

Basi swali limekwisha. Lakini mmegombania neno lisilo na hatia mkaliacha lenye hatia limekaa katikati ya sentensi. Nasema hiyo hupelekea.

Peleka haina fumbo. Pelekea ni kupeleka kitu kwa mtu au kwa ajili yake. Chukua mfano huu. Mjukuu yuko Kyela, bibi yake yuko Tukuyu. Mjukuu anapima mchele kilo 10, anautia kwenye kiroba, anapanda gari, gari linapandisha milima, anashuka Tukuyu kwenye manyunyu, anabisha hodi. Mjukuu amempelekea bibi mchele. Sentensi hii ina watu wake wote: yupo aliyepeleka, kipo kilichopelekwa, yupo aliyepelekewa. Igeuze utakavyo, haivunjiki. Bibi amepelekewa mchele. Mchele umepelekwa kwa bibi. Uliza "amempelekea nani?" utajibiwa bibi. Uliza "amempelekea nini?" utajibiwa mchele. Hata bibi mwenyewe akisimama mlangoni anaweza kukusahihisha ukikosea.

Sasa lete ile tunayoisikia kila saa ya taarifa ya habari: "Mvua kubwa zimepelekea barabara kuharibika." Mvua zimempelekea nani? Zimepeleka nini? Barabara imepelekewa kiroba gani? Jaribu kuigeuza: "Kuharibika kumepelekewa na mvua." Hakuna bibi wa Tukuyu atakayekuelewa, na hana sababu ya kukuelewa. Kiswahili kilikuwa na neno lake tayari, tena moja tu: mvua zimeharibu barabara. "Ukungu umepelekea ajali mlima Kitonga" ni ukungu umesababisha ajali. "Ajali imepelekea vifo vya watu" ni ajali imeua watu. Hiyo ya mwisho inaniudhi kuliko zote, kwa sababu mtu amekufa na sentensi inaona haya kusema kilichomuua.

Chanzo chake kinajulikana. Waingereza wana kitenzi cha kumwongoza mtu njiani ambacho hukitumia pia kwa jambo linaloleta jambo jingine. Mfasiri mwenye haraka alitafuta kinachofanana nacho, akaokota pelekea, na redio zikaisambaza. Kwenye bajaji hapa Mwanjelwa nikiisikia nanyamaza, maana nimechoka kuwasimamisha watu safarini, na wasemaji wana haki ya kuzoea wanachozoea. Kwenye karatasi atakayopewa mama aliyeambiwa leo kwamba ana saratani, sinyamazi.

Maana ubaya wa hupelekea kwako wewe, mwanangu, umepita sarufi. Ulitaka kueleza jinsi jambo linavyotokea, na neno hilo limemeza jinsi yote. Kati ya kichocheo kushika kipokezi na seli kugawanyika kuna safari ndefu, na ndiyo safari ambayo saratani huivuruga. Umeandika kama mtu anayesema "mjukuu alikuwa Kyela, hupelekea bibi kula wali". Gari liko wapi? Mlima uko wapi?

Tuipande wote. Kipokezi ni protini iliyochoma utando wa seli ikatokeza pande zote mbili: kichwa nje, mkia ndani. Kichocheo hakiingii ndani ya seli kufanya kazi hii. Hushika kichwa kule nje, na vipokezi viwili huja pamoja vikawa jozi. Vikishakaribiana, mikia yao kule ndani hubandikana fosfeti, yaani kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi, mmoja kwa mwenzake. Mkia uliobandikwa fosfeti hushikwa na protini nyingine zilizokuwa zikizurura, nazo huiamsha protini ndogo iitwayo Ras. Ras huamsha kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, hicho huamsha cha pili, cha pili huamsha cha tatu, mpaka ujumbe unaingia kwenye kiini na jeni zinawashwa. Hapo seli hunakili vinasaba vyake, ikagawanyika ikawa mbili.

Angalia viambishi vyenyewe vilivyofanya kazi: hu-, -ki-, -ka-. Hatua moja inaishika mkono nyingine, na sikuhitaji kupelekea chochote. Chukua mwanasayansi Mmarekani Stanley Cohen: aliwadunga panya wachanga kichocheo cha ukuaji, protini aliyoitoa kwenye tezi za mate za panya wakubwa, wakafumbua macho siku ya 6 au ya 7 badala ya siku ya 12 hadi 14. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1962, na mwaka 1986 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Hiyo -ka- ya "wakafumbua" inabeba sababu na matokeo kwa silabi moja. Lugha yenye kifaa kama hicho haina haja ya kuazima.

Na hiyo "kuhama" yako? Hairidhishi. Anayehama hufunga mizigo akaondoka na nyumba ikabaki. Seli haifanyi hivyo. Kipokezi kilekile huamsha pia njia nyingine, ile ya nyuzi za protini iitwayo aktini, zilizo chini ya utando. Nyuzi hurefuka upande mmoja, ukingo wa seli unasukumwa mbele, unashika chini, kisha mwili unavutwa kuufuata. Umeona mmea wa maboga unavyotoka shambani kwenda kwenye uzio: ncha inatangulia, inashika, shina linafuata. Neno letu ni kutambaa. Ndivyo seli za ngozi zinavyotambaa kuziba kidonda. Neno kusambaa liweke kwa saratani inapotoka kwenye titi kwenda kwenye mapafu au mifupa. Usiyachanganye, kwa sababu mgonjwa akisoma "seli huhama" anaweza kudhani uvimbe utaondoka pale ulipo.

Katika seli yenye afya kazi hiyo huwa na mwisho. Vipokezi vilivyokwisha kazi hunyonywa ndani, vingi vikavunjwavunjwa, na ujumbe ukazimika. Katika saratani hauzimiki. Katika asilimia 15 hadi 20 hivi ya saratani za matiti, seli hutengeneza kipokezi kiitwacho HER2 kupita kiasi. Vikijazana hivyo kwenye utando hukutana vyenyewe, mikia ikabandikana fosfeti, seli ikagawanyika tena na tena. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hushika kichwa cha HER2 pale nje. Hili lazima liwemo kwenye kipeperushi chenu, kwa sababu ndilo linalomfanya mgonjwa aelewe kwa nini kipande cha uvimbe wake kimechukuliwa kupimwa kipokezi, na kwa nini mwenzake wa kitanda cha pili anapewa dawa tofauti na yake.

Kwa hiyo futa sentensi yako yote, uandike hivi: "Juu ya seli kuna vipokezi. Kichocheo cha ukuaji kikivishika, huungana viwili viwili, vikaupitisha ujumbe ndani mpaka kwenye kiini. Seli ikiupata hugawanyika, na nyingine hutambaa. Katika baadhi ya saratani vipokezi huwa vingi mno, na seli hugawanyika bila kupelekewa ujumbe."

Umeniona hapo mwisho nimeiandika bila kusita: upo ujumbe, kipo cha kuupeleka, na ipo seli ambayo haikuupata.