Mbwa kiziwi: mguso kwanza, ishara za mkono baadaye

Mbwa aliyeokotwa mtaani akawa haitiki anapoitwa, Kampala hupewa jina la mkaidi siku ya kwanza. Baadhi yao hawasikii tu. Hakikisha kabla hujamfundisha lolote. Mngoje alale fofofo, simama nyuma yake hatua nne hivi, upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwake, kisha tikisa funguo au piga filimbi. Usikanyage kwa nguvu wala usibamize mlango, kwa sababu mtikisiko na upepo humwamsha hata asiyesikia kabisa, nawe utadanganyika. Rudia kwa siku kadhaa. Masikio yasipocheza hata mara moja, jibu umelipata. Anayeamka lakini akageuza kichwa huku na huko bila kujua sauti imetoka wapi, huenda anasikia kwa sikio moja.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo amwangalie ndani ya masikio. Uziwi wa kuzaliwa, ambao huwapata zaidi mbwa wenye weupe mwingi kichwani, hauna dawa: sikio la ndani likikosa chembe za rangi huharibika wiki chache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Lakini sikio linalonuka, lenye usaha au uchafu mweusi kama kahawa iliyosagwa, hilo linatibika, na pengine usikivu ukarudi kiasi. Usimtilie matone ya dukani kwa kubahatisha. Ngoma ya sikio ikiwa imetoboka, dawa kama gentamicin inaweza kumalizia usikivu uliobaki.

Watu wengi hukimbilia ishara za mkono. Mimi naona huko ni kuanzia katikati. Ishara inahitaji macho, mwanga, na mbwa anayekutazama. Mguso hufanya kazi gizani, usingizini, uzeeni macho yakififia, na hata kwenye meza ya daktari. Kwa hiyo wiki ya kwanza yote iwe ya mguso.

Chemsha mapafu ya ng'ombe, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya haragwe. Mukene mkavu, yaani dagaa, nao unafaa. Mbwa akiwa macho, mwekee ngumi karibu na pua, ngoja ainuse, mguse bega kwa vidole viwili, kisha mpe kipande papo hapo. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Akianza kugeuka kwa furaha kila akiguswa, jaribu anaposinzia, halafu anapolala kabisa. Usiruke hatua. Mbwa kiziwi anayeng'ata akiamshwa kwa kawaida si mkali, ameshtuka, na kinachomshtua ni mkono unaotokea nyuma au juu ya kichwa bila harufu kutangulia. Akishtuka, rudi kwenye harufu peke yake: msogezee kipande puani mpaka aamke mwenyewe. Watoto, dada wa nyumbani na askari wa geti wote waguse bega lilelile. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata utaratibu huu asimkaribie akiwa amelala, hata iweje.

Bega likishazoeleka, ongeza miguso mingine: kiganja kifuani maana yake simama, vidole viwili juu ya mkia maana yake keti, kidole chini ya kidevu maana yake njoo nami. Hapa ndipo ishara za mkono zinaingia. Kidole gumba juu kiwe ndiyo "vizuri", na chakula kifuate ndani ya sekunde moja. Ishara yoyote ifanyike kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika kamba. Ukitaka kuunganisha mguso na ishara anayoijua, anza na mguso, kisha ishara, kisha chakula. Ukianza na ishara, tayari anakuwa ameshatii na mguso haumwambii kitu.

Kosa la kila nyumba ni kumpungia mkono mbwa aliyekupa mgongo. Mlipe kila anapogeuka kukutazama bila kuitwa. Baada ya wiki chache atakuwa anakuangalia kila mara, na hilo ndilo jina lake jipya. Kukanyaga sakafu ili ageuke hakusaidii sana kwetu, kwa sababu saruji haipitishi mtikisiko kama mbao. Usiku, mwite kwa kuwasha na kuzima taa ya nje mara mbili.

Sasa hatari. Inayotisha kuliko zote ni gari la nyumbani. Mbwa hulala chini yake kutafuta kivuli, injini inawaka, hasikii, dereva anarudi nyuma. Weka sheria moja isiyo na mjadala: injini haiwashwi mpaka mtu amwone mbwa kwa macho au amfunge. Geti nalo lisifunguliwe kabla hajashikwa, boda haitamngoja. Nje atembee na mkanda wa kifuani na kamba, na kwenye uwanja wazi kamba ya mita 10, kamwe si huru. Kwenye ukosi andika namba yako ya simu na kwamba hasikii, kwa lugha inayosomwa mtaani kwenu. Kengele ndogo itakusaidia wewe kumpata. Na kama unatafuta mlinzi wa usiku, chukua mbwa mwingine.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ileile ya mbwa wote, kila mwaka. Kagua kupe kila siku, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ufizi ukipauka, mkojo ukiwa mwekundu au wa kahawia, au joto likizidi nyuzi 39.5, usingoje kesho.

Uzee ukifika, siku ya kuachana hupimwa kwa mambo ya kawaida: anakula? Anainuka mwenyewe kwenda kukojoa? Anapumua bila kuhangaika? Andika kwenye kalenda siku njema na siku mbaya. Mbaya zikizidi, zungumza na daktari, na ikiwezekana aje nyumbani. Omba sindano ya usingizi itangulie ile ya mwisho. Mbwa amnuse daktari kwanza, daktari asitokee nyuma. Wewe kaa mbele ya macho yake, kidole gumba juu, mkono mwingine begani palepale pa siku zote, na usiuondoe anapofumba macho. Jua mapema kwamba macho yanaweza kubaki wazi na pumzi moja mbili zikatoka baada ya moyo kusimama. Hasikii maumivu hapo.

Mzike mita moja kwenda chini au zaidi, mbali na kisima na bonde la maji, ndani ya shuka si kaveera (mfuko wa plastiki). Usikubali atupwe jalalani. Dawa ya sindano ile ya mwisho hubaki mwilini, na kaloli (korongo wakubwa wa jalalani), tai au mbwa watakaomla wanaweza kufa. Akifa ghafla baada ya kubadilika tabia, kutokwa mate au kung'ata watu, usizike wala kumgusa, mpigie afisa mifugo wa wilaya. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Watoto waambiwe amekufa. Ukisema amelala, watataka kwenda kumnusisha mkono na kumgusa bega kama ulivyowafundisha. Jirani atasema ni mbwa tu, huna haja ya kumjibu.

Kama kulikuwa na mbwa mwenzake, mlishe saa zilezile na mtembeze njia zilezile. Akiwa wa kwanza kufa ni yule anayesikia, kiziwi atapotea kabisa kwa muda, kwani alikuwa akifuata masikio ya mwenziwe. Mrudishe kwenye mazoezi ya bega kana kwamba amefika jana. Kibanda kilichoachwa kipulizwe dawa ya kupe kwenye nyufa zote. Aliyekufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, osha sakafu kwa sabuni, kisha paka Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) sehemu moja kwa maji sehemu 30, iache dakika 10, na usilete mtoto wa mbwa asiyechanjwa kwenye udongo ule kwa mwaka mzima.