Ua la Usambara na nyuki wake

SWALI: Shikamoo bibi. Dada yangu aliyeolewa Lushoto alinipa jani la lile ua la Usambara la zambarau. Limeota vizuri, lakini majani yana madoa ya kahawia na maua hakuna. Tena, nyuki wa huku watafaidika nalo?
— Msomaji, Chake Chake

JIBU: Marahaba mwanangu. Madoa hayo ni ya maji baridi. Jani lile lina malaika, vile vinywele laini. Tone likituama juu yake, doa likishaingia halitoki. Usimwagie juu. Weka kisahani chini ya chungu, tia maji yaliyolala ndani, yaache nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki, maana mizizi yake huoza upesi. Udongo mwekundu mtupu unashikana mno. Changanya na usumba uliochambuliwa vizuri.

Kukosa maua ni giza. Watu wakisikia mmea wa msituni huufungia chumbani. Wangu uko dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, na unachanua. Joto la Pemba lisikutishe: Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea Mjerumani, alipoueleza kitaalamu mwaka 1893, ulikuwa umeonekana pia kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, ng'ambo yetu hapo tu.

Sasa nyuki. Litazame ua kwa karibu. Katikati kuna vifuko viwili vya njano vilivyogusana, na kijiti chembamba kilichoinamia kando, ua hili kushoto, lile kulia. Nekta hamna. Chavua imo vifukoni, na nyuki lazima avikumbatie na kutetemesha kifua mpaka imwagike. Nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Wenye ufundi huo ni kama wale wanene weusi wanaotoboa boriti zetu, na chungu kimoja cha dirishani hakiwashibishi. Wapandie mabilingani uani, ambayo nayo hutikiswa vivyo hivyo, na mbaazi, wanazipenda mno. Nakuomba sana usiwamwagie mafuta ya taa. Waachie gogo kavu huko uani pembeni, watatoboa humo.

Na ukienda kwa dada yako ukataka jingine, omba jani kwa majirani. La porini usiling'oe. Misitu yake imekatwa sana, na yaliyobaki ni machache.