Jibu: MRI inaonaje nyuzi za misuli ya kizazi?

Mdau, umeuliza inakuwaje MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, ijue nyuzi za misuli ya mji wa mimba zimelala upande gani wakati picha ya kawaida inaonyesha nyama tu. Ujanja wote uko kwenye maji bana. Molekuli za maji mwilini hazitulii, na kwenye msuli zinapita kirahisi kufuata nyuzi kuliko kuzikatiza, sasa mashine inapima huo mwendo kwenye pande tofauti, angalau 6 ila wengi wanapiga 12 au zaidi, halafu kompyuta inakokotoa upande ambao maji yanapita kwa urahisi. Hesabu yake, ile ya tensa, yaani jedwali dogo la namba za mwendo wa maji kila upande, ilitoka 1994 na ilianza kuvuma kwenye ubongo.

Kizazi kina shida zake sasa. Nyuzi hazijanyooka kama za paja, zingine zinazunguka, hasa tabaka la ndani, zingine zinakatiza huku na huku, na hapo mgonjwa anapumua, utumbo unacheza, kizazi chenyewe kinajikunja kidogokidogo. Ndo maana picha safi zaidi zinatoka kwenye vizazi vilivyokwisha kutolewa kwa operesheni, hivyo havitikisiki na unaviskani masaa hata usiku kucha.

Ila usidanganyike na zile picha za rangirangi ambazo kompyuta inachora nyuzi kama mistari, ule mstari mmoja sio uzi mmoja, ni makadirio ya maelfu ya seli kwa pamoja. Kwenye kovu la operesheni ya uzazi mistari ikikatika, mi ningeangalia kwanza kama mgonjwa alitikisika, kabla ya kusema nyuzi zenyewe zimekatika.