Kamba zangu zimekatwa. Ninyamaze?

SWALI: Mimi Mkristo, nalima mwani Jambiani. Bamvua lililopita (siku za maji makubwa) nilikuta kamba zangu 9 zimekatwa, mwani wa wiki tano umekwenda na maji. Namjua aliyefanya, tunagombania mpaka. Nataka usiku maji yakitoka nami nikazikate zake. Mume wangu ananambia Biblia inasema nimwachie Mungu. Ndiyo kusema ninyamaze tu? (Msomaji, Jambiani)

JIBU: Hapana, dada. Analolisema mumeo ni Warumi 12:19: "msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu". Lishike hilo neno ipisheni; Kigiriki chake ni "ipeni nafasi". Hamali akija na gari lake kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, unajibanza ukutani apite. Hukukimbia, ila hukumziba.

Kwanza zitazame ncha za kamba. Iliyokatwa kwa kisu, nyuzi zote hukoma sawa. Iliyosagika kwenye jiwe hufumuka, nyuzi nyingine ndefu nyingine fupi. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na ugomvi wa mpaka si shahidi. Wengi huteleza hapa: humwachia Mungu kesi waliyokwisha kuihukumu wenyewe.

Mtazame Daudi (1 Samweli 24). Pangoni Engedi alikata pindo la vazi la Sauli, akamwacha hai. Kisha akatoka, akamwita, akamwonesha lile pindo, ndipo akasema Bwana aamue baina yao. Alisema, tena ushahidi uko mkononi. Nawe chukua kipande cha kamba, umwendee kwake mchana, peke yako (Mathayo 18:15), si pwani mbele ya wenzenu. Akikataa, rudi na mtu mmoja au wawili. Halafu sheha, kiongozi wa serikali wa hapo shehiani. Hicho si kisasi: Warumi 13:4 inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu, na Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Mwombe sheha mpaka upigwe vigingi nyote mkiwapo, na hasara yako ilipwe. Ukiongeza aaibishwe, umesharudi kulekule.

Wala usitafute wa kukusomea halbadiri, kisomo cha kumlaani mbaya wako, au kumuapiza mwenzio ukaiita sala. Hasira ina pahala pake: Zaburi 94 inaanza kwa kumwita Mwenyezi "Mungu wa kisasi". Isome kwa sauti, ulie ukitaka.

Warumi 12:20 inasema adui yako akiwa na njaa mlishe, nawe utampalia "makaa ya moto kichwani". Makaa hayo watu huyapenda kwa nia mbaya. Yametoka Mithali 25:22, na wafasiri wengi huyaelewa kuwa ni aibu inayomgeuza mtu, si adhabu ya kumuunguza. Kwako wewe huenda yakaja hivi: joto limemuulia mbegu, anazunguka kuomba. Mpe za kufunga kamba mbili, hata kama vigingi vya mpaka bado havijapigwa.