Maswali ya Wasomaji: Binti yangu njiti haongezeki uzito

SWALI: Nilijifungua binti mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na uzito wa kilo 1.35. Tulikaa wodini hadi alipofikisha kilo 1.9, ndipo tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa ana wiki 13 na uzito wake ni kilo 2.9, ilhali mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki ileile anakaribia kilo sita. Katika wiki mbili zilizopita ameongeza gramu 150 tu. Ananyonya mara nyingi, lakini baada ya dakika tano husinzia na kuliachia titi. Mama mkwe, ambaye ananisaidia sana, anasema maziwa yangu ni mepesi, hivyo mtoto aanzishiwe uji na dawa ya chango. Mwajiri naye anasema likizo yangu imekwisha. Nifanye nini? (Mama wa njiti, Morogoro)

JIBU: Mama, tuanze na mtoto wa jirani, maana huyo anakuhangaisha bure. Binti yako alizaliwa wiki kumi kabla ya wakati, na wiki hizo hutolewa kwenye umri wake kila tunapopima ukuaji, jambo tunaloliendeleza hadi afikishe miaka miwili. Kwa hesabu hiyo, leo ana umri wa wiki tatu, na akilinganishwa na watoto wa wiki tatu bado ni mdogo, lakini si kwa kiasi unachokiona ukimlaza kando ya mtoto wa miezi mitatu aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia. Chanjo pekee hazisubiri hesabu hii. Hizo hufuata tarehe aliyozaliwa.

Kinachonishughulisha zaidi ni zile gramu 150. Ukizigawa kwa siku kumi na nne unapata takribani gramu 11 kwa siku, wakati mtoto wa umri wake hutarajiwa kuongeza kati ya gramu 20 na 30 kila siku. Kabla ya kuiamini hesabu hiyo, hata hivyo, jiulize alipimwa kwa mizani gani. Mizani ya kuning'iniza inayotumika katika kliniki nyingi ina alama zinazopishana kwa gramu 100, kwa hiyo mtoto akitikisika kidogo, au akiwa amevaa nepi iliyolowa, ongezeko la wiki nzima linaweza kupotea au kuzuka. Omba apimwe akiwa mtupu kwenye mizani ya kidijitali ya watoto wachanga, kisha arudiwe kwenye mizani hiyohiyo baada ya siku saba. Usimpime kila siku, kwa sababu utapata wasiwasi tu.

Iwapo mizani itathibitisha kwamba ongezeko ni dogo, nadhani sababu ya kwanza tayari umeitaja mwenyewe: anasinzia baada ya dakika tano. Kunyonya ni kazi nzito kwa mtoto njiti, na anapochoka mapema hupata maziwa ya mwanzo yenye maji mengi na kuyaacha ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mafuta zaidi. Kwa hiyo maziwa yako si mepesi. Ni kwamba hayamfikii yote. Mtoto wa kilo 2.9 anahitaji takribani mililita 435 hadi 520 kwa siku, yaani kati ya 55 na 65 kila mara ikiwa atalishwa mara nane, na kwa dakika tano za kunyonya huku anasinzia ni vigumu kufikia kiasi hicho.

Jaribu utaratibu huu. Mwamshe kila baada ya saa tatu, usiku pia, bila kusubiri alie, kwa kuwa njiti wengi hulala hata wakiwa na njaa. Mnyonyeshe huku ukilikandamiza titi taratibu kila anapopunguza kasi, lakini nusu saa ikipita mwondoe, maana zaidi ya hapo anaanza kutumia nguvu nyingi kuliko anazozipata. Kisha kamua maziwa yaliyobaki na umpe kwa kikombe kidogo safi, ukiwa umemkalisha wima kiasi na ukiacha ayalambe mwenyewe badala ya kummiminia mdomoni. Maziwa uliyokamua yanaweza kukaa nje ya friji kwa muda usiozidi saa nne ikiwa chumba hakina joto kali, na ndani ya friji hadi siku nne. Ni kazi ya kuchosha, na hapa ndipo mama mkwe anapohitajika kweli: yeye ampe kikombe wakati wewe unakamua au unalala.

Kuhusu uji, hapana. Tumbo lake ni dogo mno, na uji mwepesi wa mtoto huwa na maji mengi kuliko lishe, hivyo kila kijiko chake huchukua nafasi ya maziwa yenye nguvu zaidi. Dawa ya chango nayo haina kazi hapa, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Ikiwa hata baada ya kukamua maziwa hayatoshi, daktari ndiye atakayeamua kama aongezewe ya kopo, ambayo hupimwa kama maelekezo yanavyosema. Wapo wanaoyazimua ili kopo lidumu mwezi, na mtoto hubaki na njaa huku tumbo limejaa.

Usiache pia kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mlivyofundishwa wodini. Huduma hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mashine za kutunzia njiti hazikutosha, nayo huokoa nguvu ambazo mtoto angezitumia kujipasha joto. Baba yake naye anaweza kumbeba.

Hata ukiyafanya yote hayo, mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii. Kuchoka haraka wakati wa kunyonya kunaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, kwa kuwa akiba ya madini ya chuma hujengwa zaidi katika miezi ya mwisho ya ujauzito, ambayo yeye hakuipata. Uliza kama ameanzishiwa matone ya chuma. Shirika la Afya Duniani linayashauri kwa njiti wanaonyonya. Moyo wake nao usikilizwe, hasa kama anatoka jasho kichwani wakati wa kunyonya. Kwa kuwa alizaliwa kabla ya wiki 32, uliza pia kama macho yake yaliwahi kuchunguzwa. Lakini akikataa kabisa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au akiwa wa baridi na mlegevu, usisubiri miadi. Mkimbize hospitali muda huohuo.

Kuhusu kazi, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 nchini Tanzania yaliongeza likizo ya uzazi kwa mama aliyejifungua njiti, kwa kuzingatia wiki ambazo mimba ilikuwa imebakiza. Mwajiri wako huenda hajayasoma. Chukua fomu ya kuruhusiwa hospitalini inayoonyesha kwamba ulijifungua katika wiki ya 30, ambatisha nakala yake kwenye barua ya kuomba nyongeza hiyo, na akikataa, mwone ofisa kazi wa mkoa.