Shamba la babu yako

Mwanangu,

Salaam nyingi. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa peke yangu jikoni. Unasema huko Maine, Marekani, harusini, ulikaa meza moja na kijana Mrundi mwenzako. Mkaulizana kwenu ni wapi, na ulipotaja Rumonge akakwambia babu yake alikimbia Rumonge mwaka 1972, shamba lake likaliwa na watu kama sisi. Sasa unaniuliza: "Mama, ni kweli babu alikufa akilinda shamba la wizi?"

Nakujibu kwa maandishi. Kwa simu nitalia, na bando litakwisha bure.

Shamba lilikuwa na pande mbili. La juu, kuelekea mlimani, aliachiwa na baba yake. Michikichi ya zamani, mirefu, ya kukwea kwa kamba kiunoni. La chini, karibu na barabara ya Nyanza-Lac, lilikuwa la jirani. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi walishambulia huku kwetu kusini wakaua watu, kisha kisasi cha serikali kikapita nchi nzima. Waliokufa wanahesabiwa kwa malaki. Jirani alivuka Ziwa Tanganyika usiku na mkewe na watoto. Baadaye serikali ikagawa mashamba ya waliokimbia, na babu yako akapewa lile. Akalipokea. Kwa hiyo nusu ya jibu lako ni ndiyo. Mimi ni mtoto wa kike, na kwetu mtoto wa kike harithi shamba, basi usidhani ninatetea fungu langu.

Jirani alikiacha hata kinu. Kinu kikubwa cha mvule, ukingo wake umelika upande mmoja, kwa sababu mwenye kinu alikuwa akitwanga kwa mkono wa kushoto. Bibi yako alitwangia humo machikichi miaka yote ya utoto wangu. Siku moja nilimuuliza mbona kinu chetu kimelika vibaya. Alinipiga kofi, yeye ambaye hakuwa na mkono mwepesi.

Babu yako hakuwa mtu wa maneno. Ungemwona kazini. Mikungu akiiacha siku kadhaa mpaka machikichi yaachie yenyewe, halafu yanachemshwa kwenye pipa usiku kucha, na yeye amelala pembeni kwenye mkeka, akiamka kusogeza kuni. Alijua kwa mlio wa pipa kama maji yamepungua. Mawese yakishakamuliwa huchemshwa tena ili uchafu ukae chini, na hapo hakuruhusu mtu ashike upawa ila yeye. Mise, zile kokwa za machikichi, tulivunja sisi watoto, jiwe juu ya jiwe. Kidole changu cha shahada kilichopinda umekiona.

Mwaka 1993 ulikuja na kura Juni, na tarehe 21 Oktoba Rais Ndadaye akauawa. Yaliyofuata unayajua kwa majina. Sisi tuliyajua kwa zamu. Usiku walikuja waasi kutaka chakula. Asubuhi walikuja askari kuuliza nani amewapa waasi chakula. Mwaka 1996, baada ya Meja Buyoya kuchukua nchi kwa mapinduzi, majirani walituwekea vikwazo, petroli ikawa kama dawa, na bibi yako akarudia kuchemsha sabuni ya mawese na majivu kama zama za mama yake. Mwaka huo ndio baba yako alisema tuondoke. Wewe ulikuwa mgongoni.

Nilimwomba babu yako twende wote. Nilipiga magoti, mwanangu. Alikuwa anafunga kamba yake, akaniambia: "Shamba la mkimbizi najua linavyoliwa."

Basi. Wenzake waliobaki walisema watabaki kwa sababu hawana kosa. Yeye alibaki kwa sababu alishakula cha aliyekimbia, na alijua michikichi haikai msimu mmoja bila mtu chini yake. Kijana wa Maine anadhani babu yako alikuwa na moyo mgumu. Mimi nasema alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyeona jambo kutokea upande wa pili.

Tukavuka hadi Kigoma, Tanzania, tukapelekwa kambi ya wakimbizi Kasulu. Huku nyuma watu walikusanywa kwenye kambi kando ya barabara, wakiruhusiwa saa chache kwenda mashambani. Saa chache haziivishi pipa. Siku moja mwaka 1997 hakurudi jioni. Bibi yako alitazama moshi wa pipa kutoka kambini mpaka giza likaingia. Asubuhi walimkuta shamba la chini, amelala kifudifudi, kamba bado kiunoni. Risasi mbili. Mafuta yalikuwa yameungua yote. Wakamzika palepale, haraka, chini ya mchikichi, maana kumbeba hadi juu kulikuwa ni kuomba mauti.

Tuliporudi mwaka 2005 wajomba zako walikuwa wanalima pande zote mbili. Miaka michache baadaye wakimbizi wa 1972 wakaanza kurudi kutoka Katumba, Ulyankulu na Mishamo, makazi yao huko Tanzania, na mtoto wa jirani akawa mmoja wao, mzee tayari, anaongea Kiswahili cha Tanzania kuliko Kirundi. Kesi ikaenda kwenye tume ya ardhi. Wajomba zako walishika sheria ya 1986, kwamba ukikaa miaka 30 shamba ni lako. Mimi niliitwa shahidi, nikasema niliyokwambia hapa. Mjomba wako mkubwa hakunisalimu miaka miwili. Ndiyo sababu hakuja siku ulipoagwa.

Yule mzee nilimwonyesha kinu. Alipitisha kiganja penye ukingo uliolika, mkono wa kushoto, akasema mama yake alifia Katumba.

Tume iligawa shamba la chini nusu kwa nusu, na kaburi la babu yako limeangukia upande wa yule mzee. Mwaka 2011 tume ilibadili mwendo ikawa inarudisha shamba zima, wajomba zako wakatetemeka. Yeye hakwenda kudai. Mikungu ya mchikichi wa kaburini anaikata mwenyewe, na nyasi anazipalilia.

Ukija Desemba, tutapita kwake kwanza tubishe hodi, ndipo tushuke kaburini. Mletee kofia ya baridi, analalamika masikio.

Mama yako